Msitu wa Februari: Jinsi ya Kumsoma Kulungu Wakati wa Baridi Kabla ya Msimu Ujao wa Mawindo

Mwezi wa pili, katika misitu ya Wisconsin, Minnesota na Iowa, hakuna jani la kukuziba macho. Mti ambao dume aliukwangua kwa pembe mwezi wa kumi na moja bado uko uchi. Njia aliyoipita bado imechimbika ardhini. Msimu wa mawindo umefungwa, kwa hiyo hata ukimkurupusha leo ana miezi saba ya kusahau. Ukifanya kazi hiyohiyo mwezi wa kumi, umemfukuza pale pale unapotaka kumvizia. Ndiyo maana wawindaji wazoefu huchagua mti wao wa Novemba, ule watakaoupanda na kuketi juu yake kumvizia, wakati theluji bado iko chini.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mnyama huyu ni kulungu wa Amerika mwenye mkia mweupe. Anapokimbia huunyanyua mkia kama bendera. Si kulungu wa kwetu, yule ambaye wengine humwita mbawala au pongo. Wa kwetu ni ndugu wa swala na ng'ombe, na pembe zake hukaa kichwani maisha yote. Huyu wa Amerika ni jamaa ya ayala wa Zaburi ya 42: pembe za dume zina matawi, hudondoka kila mwaka kati ya Desemba na Machi, na mpya huanza kuota majira ya kuchipua. Hapa chini tukisema "vuli" tuna maana ya Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika, si mvua.

Jambo la pili ni sheria. Anayetoka Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, hushangaa kuona mtu wa kawaida akiwinda kwenye msitu wa umma kwa leseni. Inaruhusiwa, ila kwa masharti. Wisconsin, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baada ya hapo lazima amalize kozi ya elimu ya uwindaji ndipo anunue leseni; Minnesota mpaka ni waliozaliwa baada ya 31 Desemba 1979. Kozi hiyo ifanye wakati huu wa baridi. Nafasi hujaa kadiri msimu unavyokaribia, na bila cheti upelelezi wote huu hautakupeleka popote.

Alama za aina mbili

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Msitu wa Februari una alama za vuli na alama za baridi zimelala pamoja, na nyingi kati ya hizo za baridi hazitakusaidia Novemba. Baridi ikikaza, kulungu huhama: huacha vichaka vya mwaloni na kujikusanya kwenye miteremko inayotazama kusini wapate jua, au chini ya misonobari, mierezi na miti ya hemloki inayozuia upepo na theluji. Kaskazini mwa Wisconsin na Minnesota wanaweza kutembea kilomita kadhaa kufika makusanyiko hayo. Ukikuta njia pana kama ya ng'ombe, imesagika theluji mpaka barafu, umekuta njia ya kundi la njaa la Februari. Ukiweka kiti chako cha mtini hapo utakaa Novemba nzima ukiangalia miti mitupu, kulungu hayupo.

Alama za vuli ni miti iliyosuguliwa, ardhi iliyoparuliwa, malalo ya zamani yenye udongo uliochakaa, na mapito yaliyochimbika kwenye udongo wenyewe chini ya majani. Alama za baridi ni nyayo za kwenye theluji, vinyesi vya juu ya theluji, malalo yaliyoyeyusha theluji, na vijiti vilivyoliwa. Kila unachokiona, jiulize kwanza: hiki ni cha lini?

Kwa hiyo nenda mara mbili. Safari ya kwanza iwe Januari au mwanzoni mwa Februari, siku mbili au tatu baada ya theluji mpya, ili uone nani amebaki hai na anakula wapi. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, iwe kuanzia theluji inapoanza kuyeyuka Machi hadi kabla nyasi hazijachipua katikati ya Aprili. Dirisha hilo la Machi ni fupi lakini ni dhahabu: majani yamelala bapa kama karatasi iliyopigwa pasi, na kila mparuo wa Novemba unaonekana kama ulivyoachwa.

Anza mezani

Fungua picha ya anga na ramani ya mwinuko ya eneo lako, ukubwa usiozidi hekta 100 kwa kuanzia. Tafuta mahali ardhi inapombana mnyama apite: shingo ya chini kati ya vilele viwili, ukanda mwembamba wa miti unaounganisha misitu miwili, kichwa cha korongo refu ambalo kulungu hulizunguka kuliko kulishuka, kona ya ndani ya shamba inayoingia msituni. Kwenye nchi ya vilima ya kusini magharibi mwa Wisconsin, weka alama kila "pua" ya kilima inayochomoza kutoka kwenye mgongo mkuu. Kwenye nchi tambarare ya vinamasi, weka alama kila kisiwa kidogo cha ardhi kavu katikati ya matete.

Tazama mpaka wa ardhi ni ya nani. Msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet na misitu ya jimbo iko wazi kwa umma, lakini hatua moja nje ya mpaka ni shamba la mtu, na Wisconsin kukosekana kwa kibao si ruhusa. Kumwomba mkulima, nenda mchana, kwa nguo za kawaida, mwambie jina lako na unapoishi, na omba kutembea tu kwanza. Februari ana muda wa kukusikiliza. Oktoba yuko kwenye mashine ya kuvuna.

Muulize pia atapanda nini. Wakulima wengi huko hubadilishana mahindi na soya mwaka hadi mwaka, na hili peke yake hubadilisha msitu mzima. Mahindi yaliyosimama Novemba ni chakula na pia ni maficho, dume anaweza kulala humo mchana kutwa. Soya huliwa sana ikiwa kijani, lakini majani yakigeuka manjano Septemba kulungu huiacha kwa muda hadi punje zikauke. Pito lililokuwa moto mwaka jana kando ya mahindi linaweza kupoa kabisa mwaka wa soya.

Vaa na beba

Nguo za sufu au za nyuzi za viwandani, si pamba. Pamba ikilowa jasho inakugandisha. Viatu visivyopitisha maji, vizuia theluji vya kufunika mashavu ya miguu, na fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, kwa sababu wanaowinda sungura na mbwamwitu wa nyika (koyoti) bado wako msituni. Dira, futi ya kupimia ya mita 3, chupa ya maji ya moto, kiberiti kwenye mfuko usiopitisha maji. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi huinyonya betri, na ramani uipakue kabla ya kutoka nyumbani. Mwachie mtu ujumbe wa unapokwenda na saa ya kurudi. Mwanzoni mwa Januari jua huzama kama saa kumi na nusu jioni. Saa nane mchana uwe tayari umegeuka.

Barafu isichezewe. Kipimo kinachotolewa kwa mtu anayetembea ni barafu safi, ngumu, ya sentimita 10. Kwenye kinamasi, barafu iliyofunikwa na theluji, iliyo karibu na chemchemi au kati ya matete huwa nyembamba kuliko inavyoonekana. Pima kwa mtaimbo au shoka, na pima tena baada ya hatua chache. Machi ikifika na joto likapanda juu ya nyuzi 4 za sentigredi, kupe wanaobeba ugonjwa wa Lyme huamka. Chomeka suruali ndani ya soksi na jikague ukirudi.

Kutembea: toka chakulani, rudi malaloni

Anzia kwenye ukingo wa shamba au kwenye miti ya mwaloni. Tembea kando yake ukihesabu kila pito linaloingia msituni, kisha chagua lile lenye miti iliyosuguliwa, hata kama si pana zaidi. Mapito mapana ni ya majike na watoto wao. Dume mkubwa mara nyingi hupita pembeni, mita 20 hadi 40 upande wa chini ya upepo (upepo unakoelekea) wa pito kuu, ili anuse walio juu yake bila kujionyesha.

Angalia vijiti vilivyoliwa. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati kijiti. Hukibana na kukivuta, na ncha hubaki imechanika, ina nyuzinyuzi kama mswaki. Sungura hukata kwa mshazari, safi, kama kwa kisu. Shika kijiti mkononi na utajua mara moja. Ukiona mierezi imenyofolewa majani yote hadi usawa wa kichwa cha mtu, hapo ni kambi ya baridi: weka alama, ondoka, na usiihesabu kwenye mpango wako wa vuli.

Kwa nyayo, usiamini ukubwa peke yake wala vikwato viwili vya nyuma, maana kwenye theluji ya kina kila kulungu huvionyesha. Kwa kidole, gusa ukingo wa unyayo. Ukimong'onyoka kama unga, ni mpya. Ukiwa mgumu kama sahani, umepitiwa na usiku mmoja au zaidi wa kuganda.

Msuguo na mparuo

Mti uliosuguliwa ni barua. Dume husugua akitembea, kwa hiyo upande ulioganduliwa magamba ndio uliokuwa ukimtazama alipokuwa akija. Simama ukiutazama upande huo, na sasa unatazama alikokuwa anakwenda. Kama miti kadhaa mfululizo imeganduliwa upande wa malaloni, hiyo ni njia yake ya jioni kwenda kula. Kama ni upande wa shambani, ni njia ya alfajiri kurudi kulala. Tofauti hiyo huamua kama utaketi hapo asubuhi au jioni.

Unene wa mti husaidia kwa kiasi. Madume wadogo ni nadra kuhangaika na mti mnene kuliko mkono wa mtu mzima, lakini mkubwa husugua minene na myembamba. Chenye thamani kuliko vyote ni mti wenye makovu ya miaka tofauti: jeraha la rangi ya asali la vuli iliyopita, na chini yake kovu la kijivu lililovimba na kujifunga. Mti huo hutumiwa mwaka baada ya mwaka, mara nyingi na madume zaidi ya mmoja, hata yule wa kwanza akiwa ameshaliwa. Mti wa namna hiyo ukiwa kwenye shingo ya kilima ni sababu ya kutosha ya kurudi hapo.

Mparuo ni duara la udongo lenye upana wa sentimita 60 hadi mita 1, alilolisafisha kwa kwato na kulikojolea. Theluji ikiyeyuka, tafuta kishimo kisicho na majani. Kisha inua macho: lazima kuwe na tawi la kulamba juu yake, mita 1.2 hadi 1.8 kutoka ardhini, limevunjika au kutafunwa ncha. Kisipokuwa na tawi, huenda ni bata mzinga au kulungu aliyekuwa akitafuta matunda ya mwaloni. Miparuo ya ukingoni mwa shamba hutembelewa zaidi usiku. Ile iliyo ndani msituni, kati ya malalo na chakula, ndiyo ya kuwekea alama nyekundu.

Malalo

Hapa tumia muda wako mwingi, kwa sababu malalo ndiyo yanayoeleza mengine yote.

Malalo, yaani mahali alipolala, ni alama iliyobonyea yenye umbo la yai. Kundi la mayai matatu hadi matano ya ukubwa tofauti ni jike na jamaa zake. Yai moja kubwa, peke yake, urefu unaozidi sentimita 110, lenye miti iliyosuguliwa hatua chache pembeni, lina uwezekano mkubwa wa kuwa la dume. Pima kwa futi, usikadirie, maana theluji inapoyeyuka hupanua kila kitu. Malalo ya vuli utayatambua Machi kwa udongo uliochakaa chini ya majani, nywele zilizoshikamana na ardhi, na vinyesi vya zamani vilivyofifia rangi. Dume hupenda theluthi ya juu ya mteremko, upande uliokingwa na upepo, hasa kwenye pua ya kilima. Upepo unamjia mgongoni kutoka kileleni ukimletea harufu ya anayekuja nyuma, na macho yanaangalia bondeni.

Sasa ingia ndani ya malalo hayo. Chuchumaa mpaka macho yako yawe kama sentimita 70 kutoka ardhini, na ugeuke polepole. Utaona anachokiona: pengine njia uliyojia yote iko wazi kama barabara, na lile gogo ulilodhani litakuficha halifichi chochote. Sikia upepo unagonga wapi shingoni. Kisha tazama ni upande gani hakuoni wala hakunusi. Huo ndio mlango wako wa Novemba, na hakuna ramani itakayokuonyesha zaidi ya dakika hizo tano.

Kumbuka pia hewa yenyewe hutembea. Ardhi ikipata joto asubuhi, hewa hupanda mlima. Jua likishuka, hewa baridi hutiririka bondeni kama maji. Kiti cha jioni kilichowekwa juu ya pito lililo bondeni humwaga harufu yako yote juu ya mnyama, hata kama upepo wa taarifa ya hali ya hewa ulikuwa mzuri.

Pembe zilizodondoka

Zitafute kwenye miteremko ya kusini, kwenye malalo ya baridi, kando ya mashamba, na kila mahali anaporuka: uzio, mtaro, kijito. Mruko ndio hutikisa pembe iliyolegea. Tembea kwa mistari yenye nafasi ya mita 10, na tafuta mkunjo au ncha, si pembe nzima. Mapema ni bora kabla panya na kindi hawajaitafuna kwa ajili ya madini yake. Pembe inakuthibitishia kwamba dume huyo alipona msimu. Haikuambii kwamba ataishi hapo Oktoba. Fuvu lenye pembe mbili bado zimeshikamana usiliondoe kabla ya kuwasiliana na afisa wa wanyamapori.

Usianze mapema kupita kiasi, hasa kaskazini. Wisconsin hupima ukali wa baridi kuanzia 1 Desemba hadi 30 Aprili: siku yenye theluji ya inchi 18 (sentimita 46) au zaidi ni pointi moja, na siku ambayo joto limeshuka hadi nyuzi 18 hasi za sentigredi au chini yake ni pointi nyingine. Jumla ikipita 100, baridi imekuwa kali mno. Mnyama anaishi kwa mafuta yaliyobaki, na kila mbio unayomkimbiza inayachoma. Mwaka wa namna hiyo subiri theluji iyeyuke. Wala usimwonee huruma kwa kumwagia mahindi. Tumbo lake la baridi limezoea vijiti, na mahindi mengi ya ghafla hulijaza asidi inayoweza kumuua. Tena kulisha kumepigwa marufuku katika kaunti nyingi za Wisconsin kwa sababu ya ugonjwa sugu wa kudhoofika, ambao huko uligunduliwa 2002 na husambaa pale wanyama wanapogusana midomo. Ukimkuta kulungu aliyekonda, anayedondosha mate na asiyekimbia, au mzoga usio na jeraha, usiguse. Andika mahali na utoe taarifa.

Kuchagua mti

Chagua miti miwili kwa kila mahali, mmoja kwa upepo wa kaskazini magharibi unaofuata baridi mpya, mwingine kwa upepo wa kusini. Kwa upinde, mti uwe mita 18 hadi 22 kutoka kwenye pito, upande wa chini ya upepo, wenye shina pana kuliko mgongo wako au matawi nyuma yako ya kuvunja umbo lako. Kumbuka msitu uliovuliwa majani unakudanganya: Oktoba mwanzoni nafasi hiyo itakuwa imezibwa nusu. Kwenye ardhi ya mtu aliyekuruhusu, kata matawi ya kufungua njia ya mshale sasa hivi, Machi, ili yazoeleke. Kwenye ardhi ya umma kukata kwa kawaida hakuruhusiwi, chagua mti ambao tayari una nafasi.

Halafu panga njia ya kufika, kwani mti mzuri wenye njia mbaya ni bure. Kijito chenye maji ya kina cha mguu, mtaro, au nyuma ya mgongo wa kilima ni njia nzuri. Katikati ya shamba anamokula usiku si njia. Itembee sasa, hesabu dakika, na ondoa vijiti vikavu vinavyovunjika. Atakayepanda mtini avae mkanda wa usalama wa mwili mzima tangu mguu unapoacha ardhi, hata siku ya kupima tu.

Kila alama iandike siku hiyohiyo: mahali, aina, ya vuli au ya baridi, upepo unaofaa, asubuhi au jioni. Ukiacha kamera ya msituni, iwe juu ya mparuo wenye tawi la kulamba, ikitazama kaskazini ili jua lisiiangaze usoni, na betri za lithiamu zinazovumilia baridi.

Baada ya Aprili, toka msituni. Rudi mara moja tu mwishoni mwa Agosti, adhuhuri, ukiwa na darubini, uangalie kama mialoni imezaa. Mwaloni mweupe hukomaza matunda yake mwaka huohuo wa ua na kulungu huyapenda zaidi. Mwekundu huchukua miaka miwili. Mweupe ukiwa mtupu, hamishia matumaini yako ya Oktoba kwenye mti wa pili ulioandika. Ule wa kwanza, wa karibu na malalo, usiukalie mpaka siku upepo wake utakapofika.